Mguu unauma kwa sababu ya mbio na unataka kujaribu jimu ya mtaani Kigoma: namna ya kuanza

Kabla ya kuulizia bei ya jimu yoyote, kaa kwenye kiti, vua kiatu, bonyeza panapouma kwa ncha ya kidole kimoja. Kidole hicho ndicho kitakachokuambia kama unaelekea jimu au hospitali.

Maumivu yakitapakaa kwenye ukingo wa ndani wa ugoko kwa urefu wa sentimita 5 au zaidi, kwa kawaida ni mfupa na misuli vilivyochoshwa na mbio nyingi kuliko vilivyozoea. Hapo jimu inafaa. Yakikusanyika mahali padogo kama sarafu, juu ya mfupa wenyewe, yakakuamsha usiku au yakauma hata ukitembea kwenda dukani, huenda mfupa umepata ufa. Usinyanyue, usikimbie, nenda ukapimwe. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, iko hapohapo mjini. Ujue pia kwamba ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya wiki 2 au 3 za mwanzo. Picha ikitoka safi siku ya tano, isikudanganye ukarudi barabarani. Kama panauma palepale, rudi kwa daktari, mwambie hivyo, uulize kama picha irudiwe.

Yapo mengine yasiyotaka jimu kabisa: goti lililovimba ndani ya saa chache baada ya kuumia, au linalokwama lisinyooke, mlio nyuma ya kisigino kama umepigwa teke, kisha ukashindwa kusimama kwa vidole (kano, yaani mshipa unaoshika msuli kwenye mfupa, imekatika), shavu la mguu mmoja lililovimba, lina joto na linauma hata ukiwa umelala, maana damu inaweza kuwa imeganda ndani, na kushindwa kukanyaga hata hatua nne. Mwanamke aliyekosa hedhi miezi 3 mfululizo na si mjamzito, tena ugoko unamuuma, amweleze daktari mambo yote mawili kwa pamoja. Anayekula kidogo kuliko anavyokimbia mifupa yake hudhoofika, na hedhi huwa ya kwanza kutoa taarifa.

Swali moja zaidi, ambalo kocha wa jimu hatakuuliza: umemeza siprofloksasini hivi karibuni? Ile sipro ambayo watu huinunua duka la dawa kwa tumbo au mkojo inajulikana kudhuru kano, hasa ya kisigino, na ikabaki hatari ya kukatika hata wiki kadhaa baada ya dozi kwisha. Kama kisigino kilianza kuuma siku hizohizo, mwone daktari kabla hujagusa uzito.

Ukishavuka hapo, yaliyobaki ni yale manne yanayowapata wakimbiaji wengi: goti kwa mbele, ugoko, kano ya kisigino, na wayo chini ya kisigino. Kwa kawaida yote yana chanzo kimoja, mzigo kuongezeka haraka kuliko mwili ulivyoweza kuuzoea. Mji wenyewe unachangia. Ukipanda kutoka stesheni kwenda Mwanga, kano ya kisigino inavutwa kila hatua. Ukishuka, goti na ugoko ndivyo vinavyopokea kishindo. Kupumzika moja kwa moja kunaondoa maumivu lakini kunailegeza misuli, kwa hiyo siku ya kurudi unaumia palepale. Jimu inakupa mzigo unaoweza kuupima. Mlima wa Mwanga huwezi kuupunguza kilo 5. Dumu la maji unaweza.

Kuchagua jimu na saa ya kwenda

Jimu ndogo ya mtaani, iwe Mwanga, Gungu, Katubuka au Ujiji, usiipime kwa wingi wa mashine. Kwa jeraha la mkimbiaji unahitaji vitu vichache: sakafu isiyoteleza, ukuta imara, benchi lisilotikisika, uzito unaoweza kuongezwa kidogokidogo, na mtu asiyekulazimisha. Mashine ya kukimbilia si sababu ya kuchagua jimu. Kwanza hukuja kukimbia. Pili umeme ukikatika ukiwa juu yake, mkanda unasimama ghafla na wewe unaendelea kwenda mbele.

Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, na jua linatufikia takriban dakika 40 baada ya Dar es Salaam ingawa saa ya ukutani ni ileile. Saa 12 asubuhi bado ni giza. Kama jimu haina taa ya uhakika, nenda kuanzia saa 1 na nusu. Jioni, watu wakitoka kazini, ndiyo saa mbaya kwa mgeni mwenye jeraha: benchi linagombewa, kocha hana nafasi, na utajikuta unaharakisha ili umwachie mwingine. Mchana chini ya bati ni tanuri, hasa Septemba kabla ya mvua. Beba maji yako, lita moja na nusu inatosha kwa saa moja. Anayefunga Ramadhani aende kama dakika 90 baada ya futari, si kabla yake. Wanawake waulize kama kuna saa zao au chumba chao. Jimu nyingine hupanga hivyo, ila haziandiki mlangoni.

Lipa ya siku moja. Ukiambiwa lazima ulipe mwezi pamoja na kiingilio, omba ujaribu siku moja kwa malipo ya siku. Wakikataa, tafuta nyingine. Sababu ya kusisitiza hili si pesa. Mtu aliyelipa mwezi anaona hasara kukosa siku, na mguu wenye jeraha utakuhitaji ukose siku.

Ukifika, salimia kwanza, kisha sema jambo lako mapema kabla hujapangwa kwenye mstari wa mazoezi ya kundi. Hata hivi inatosha: "Kocha, habari za kazi. Nina jeraha la kano ya kisigino kwa sababu ya mbio. Naomba leo nifuate zoezi langu mwenyewe, sitaruka wala kukimbia. Nikikwama nitakuuliza." Kama ni mtu mzima kwako, anza na shikamoo, ombi ni lilelile. Sikiliza jibu. Kocha mzuri atauliza panauma wapi, tangu lini, na nini kinapafanya paume zaidi. Akisema "hiyo itaisha ukikaza," au akakuita kwenye mkeka akuchue na kukukunja hapohapo, mshukuru, fanya yako, na usirudi kesho.

Kagua vyuma kabla ya kuvigusa

Sehemu nyingi za mtaani uzito umetengenezwa kwa zege lililomwagwa kwenye makopo ya rangi, likaunganishwa kwa bomba. Hakuna ubaya wowote, misuli haijui kama inanyanyua chuma kilichotoka ng'ambo au kopo la rangi. Tatizo ni kwamba hakuna namba iliyoandikwa, au iliyoandikwa ni ya kubuni. Hesabu iko hivi: zege lenye kokoto lina kama kilo 2.4 kwa lita, la mchanga na saruji tupu kama kilo 2.1. Kopo la lita 4 lililojaa ni kati ya kilo 8 na 10. Ndoo ya lita 10 ni kilo 21 hadi 24. Ndoo ya lita 20 inaweza kufika kilo 48, na hiyo iache ilipo. Kilicho muhimu zaidi ni pande mbili za bomba moja kulingana. Shika bomba katikati kwa mkono mmoja, liinue kidogo kutoka chini. Likilala upande, kopo la upande huo ni zito zaidi. Tofauti ya kilo moja au mbili mtu asiye na jeraha hawezi kuihisi, lakini mwenye goti bovu atakuwa anaegemea upande mmoja bila kujua.

Angalia pia panapochomelewa benchi: kutu ya kahawia inayotoka kwenye mshono ina maana pameanza kuachia. Kalia, tikisa kushoto na kulia, ukisikia mlio usilalie na uzito. Makopo yanazuiwa na nini yasichomoke? Mpira wa tyubu uliofungwa kwa nguvu unafaa, waya uliosokotwa unachana mkono. Sakafu ya vigae ikilowa jasho inateleza kama ina sabuni. Sogea kwenye saruji.

Kama uzito wote ni mkubwa mno, ingia na wako. Maji ni kilo moja kwa lita, kwa hiyo chupa nne za lita moja na nusu ndani ya begi la mgongoni ni kilo 6, na unaongeza chupa moja kila unapozoea. Dumu la lita 5, la 10, la 20, hesabu yake ni rahisi. (Dumu likijazwa mawese badala ya maji, lita 20 zinakuwa kilo 18 tu, mafuta ni mepesi.) Kiroba cha mchanga mkavu ni kama kilo 1.6 kwa lita na kinakaa vizuri juu ya paja kuliko kopo. Nunua pia tyubu kuukuu ya baiskeli kwa fundi. Ya pikipiki ni ngumu mno kwa mwanzo.

Viatu: kwa vyuma, vaa raba yenye soli ngumu na bapa au kaa peku. Malapa hapana. Raba ya mtumba ya kukimbilia iliyokaa muda mrefu huwa sponji yake imekufa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikiinama upande, au ukibonyeza soli kwa dole gumba haibonyei, usiirudie hata kwa mbio utakapopona.

Siku ya kwanza, dakika 45

Lengo la siku hii ni kupima, si kuchoka. Utafanya nusu ya unachoweza. Mtu asiyezoea vyuma, akipiga seti tano (seti ni duru moja ya kurudia zoezi bila kupumzika) siku ya kwanza, kesho yake hawezi kushuka ngazi, na hatajua kama ni tizi au ni jeraha limeamka.

Usimeze diklofenaki kabla ya kwenda. Inazima kengele unayoihitaji. Utanyanyua vizuri saa ile na kulia usiku.

Andika namba ya maumivu kabla ya kuanza: 0 hakuna kitu, 10 ni maumivu makubwa kuliko yote uliyowahi kuyapata. Ukifika jimu na 4 au zaidi hata kwa kutembea tu, leo fanya mikono na kifua, mguu uache.

Pasha mwili dakika 8 hadi 10 kwa kutembea haraka au baiskeli ya mazoezi. Kiti cha baiskeli kina kipimo chake: weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, goti linyooke bila kiuno kuyumba. Ukihamishia sehemu ya mbele ya mguu kwenye pedali, goti litabaki limepinda kidogo tu, na hapo ndipo panapotakiwa. Kiti kikiwa chini mno, ndicho kinachowaumiza wenye goti la mbele, nao husema baiskeli ndiyo mbaya. Kundi likianza kuruka kamba au mchakamchaka wa kuzunguka uwanja, wewe endelea kutembea.

Halafu zoezi la jeraha lako, seti 2 tu kwa leo.

Kano ya kisigino. Simama mbele ya ukuta, vidole viwili vya mikono vigusane nao kwa ajili ya mizani, si kujiegemeza. Panda kwa vidole vya miguu yote miwili kwa sekunde 3, shuka kwa sekunde 3. Mara 15, pumzika dakika 2, rudia. Hesabu kwa sauti yako mwenyewe. Spika ikipiga singeli, mwili unafuata ngoma bila kukuomba ruhusa, na zoezi la sekunde 6 linakuwa la sekunde 1. Hapo unadunda, hujengi kano. Kama panapouma ni katikati ya kano, vidole 3 au 4 juu ya kisigino, baadaye unaweza kusimama ukingoni mwa tofali ukashusha kisigino chini ya usawa. Kama panauma pale kano inaposhika mfupa wa kisigino, usishushe. Sakafu ndiyo mwisho wako, kwa sababu kushusha kunaibana kano dhidi ya mfupa. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wanafuata zoezi la jirani ambaye jeraha lake liko sentimita 4 juu ya lao. Na kuivuta kano kwa nguvu ukutani asubuhi na jioni kunaikera vilevile, kuache.

Ugoko. Msuli unaoukinga ugoko zaidi uko ndani ya shavu la mguu, chini ya ule unaoonekana, na unafanya kazi kubwa goti likiwa limepinda. Kwa hiyo kaa kwenye benchi, sehemu ya mbele ya mguu iwe juu ya ubao wa unene wa sentimita 5, weka kanga iliyokunjwa juu ya goti na kiroba cha kilo 10 juu yake. Inua kisigino sekunde 3, shusha sekunde 3, mara 15 kila mguu. Kisha egemea ukuta kwa mgongo, miguu iwe hatua moja mbele, inua vidole na mbele ya mguu kuelekea ugoko, visigino vibaki chini, mara 15. Hilo la pili litaunguza mbele ya ugoko hata kwa aliye mzima. Kuungua kwa msuli kunakoisha ndani ya dakika moja si jeraha.

Goti la mbele. Egemea ukuta kama umekaa kwenye kiti kisichokuwepo, lakini usishuke hadi usawa wa kiti; ishia nusu ya njia. Kaa sekunde 30, mara 5, ukipumzika dakika moja kila mara. Kisha panda na kushuka tofali la saruji la inchi 6 lililolazwa, kimo chake ni sentimita 15, mara 10 kila mguu. Tazama goti kwenye kioo kama kipo: likiingia ndani kuelekea goti lingine, punguza kimo, nyonga yako bado dhaifu. Malizia kwa kufunga tyubu ya baiskeli juu ya magoti na kutembea kiubavu hatua 10 kwenda na 10 kurudi. Skwati ya kina (kuchuchumaa hadi chini kisha kusimama) na bomba mabegani iache kwa sasa.

Wayo. Kunja taulo au kanga iwe kama soseji, iweke chini ya vidole vya mguu ukiwa ukingoni mwa tofali ili vidole vikunjike kwenda juu. Panda sekunde 3, ganda sekunde 2, shuka sekunde 3. Mara 12. Ukishindwa kwa mguu mmoja, tumia yote miwili. Siku moja fanya, siku moja pumzika.

Wote, bila kujali jeraha, malizieni kwa kulala chali, magoti yamekunjwa, inua kiuno, ganda sekunde 3, mara 12. Baada ya hapo kifua, mgongo na mikono kadiri ya nguvu zako. Sehemu hizo hazina jeraha na zitakupa sababu ya kurudi.

Maumivu wakati wa zoezi yakifika 3 kati ya 10, sawa. Yakipita 3, punguza uzito au mara. Yakiwa ya kuchoma kama sindano, acha zoezi hilo kwa leo.

Asubuhi inayofuata ndiyo majibu

Hatua 10 za kwanza kutoka kitandani hadi mlangoni zinasema kuliko kitu chochote ulichohisi jimu, kwa sababu kano na wayo huwa na tabia ya kunyamaza ukiwa na joto na kulalamika baadaye. Andika namba. Ikiwa ni ileile ya jana kabla ya zoezi au imeshuka, mzigo ulikuwa sahihi, rudia hivyohivyo baada ya siku moja ya mapumziko. Ikiwa imepanda kwa 1 na ikashuka kabla ya mchana, rudia lakini usiongeze. Ikiwa imepanda kwa 2 au zaidi, au bado iko juu hadi jioni, pumzika siku 2, kisha anza na nusu ya mara ulizofanya.

Tofautisha na maumivu ya tizi. Hayo yanakaa kwenye nyama, yanakuja miguu yote miwili, yanafika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na ukitembea yanapungua. Jeraha linauma upande wake, mahali pake palepale pa siku zote. Misuli ikivimba na kukakamaa kupita kawaida, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, hiyo si tizi ya kawaida. Huenda nyuzi za msuli zimeharibika na figo ziko hatarini, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa amua kuhusu jimu. Ikiwa asubuhi ilikuwa nzuri na hakuna aliyekusumbua, lipa siku nyingine mbili kabla ya kufikiria mwezi. Mara tatu kwa wiki zinatosha kabisa, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku za katikati tembea au endesha baiskeli. Wengine hutaka kuogelea ziwani badala ya kukimbia. Ni zoezi zuri kwa mguu, lakini Ziwa Tanganyika lina kichocho na sehemu nyingine lina mamba, kwa hiyo waulize wavuvi wa pale kabla ya kuingia, na usikae kwenye maji ya kina kifupi yenye majani.

Kuongeza uzito

Ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja: ama uzito, ama mara, ama mguu mmoja badala ya miwili. Kwa kano ya kisigino mpango unaofahamika wa wiki 12 unakwenda hivi, mara 3 kwa wiki, kila panda-shuka sekunde 6: wiki ya 1 seti 3 za mara 15, wiki ya 2 na 3 seti 3 za mara 12, wiki ya 4 na 5 seti 4 za mara 10, wiki ya 6 hadi 8 seti 4 za mara 8, wiki ya 9 hadi 12 seti 4 za mara 6. Mara zinapungua kwa sababu uzito unapanda: kila hatua chagua uzito ambao mara ya mwisho inatoka kwa shida lakini inatoka vizuri. Begi la chupa litaanza kuwa dogo karibu na wiki ya 6, hapo ndipo makopo ya zege yanapoanza kuwa na kazi.

Wa ugoko wapandishe kiroba kwa kilo 2 hadi 5 kila wiki, kisha waongeze panda-shuka za kusimama. Wa goti wahame kutoka tofali lililolazwa kwenda tofali lililosimamishwa kwa ubavu, sentimita 23, likiwa limebanwa ukutani lisipinduke, ndipo waanze skwati ya kukalia benchi na kusimama. Wa wayo wanapunguza mara hadi 10, kisha 8, na kuongeza begi.

Wiki ya 3 ndiyo yenye mtego. Maumivu yamepungua, mwili umechangamka, na mtu anakumbuka jogingi ya Jumamosi. Maumivu hupungua mapema kuliko kano inavyopata nguvu. Atakayekimbia kilomita 8 Jumamosi hiyo, Jumatatu atarudi kwenye namba 6.

Chakula hakitaki makala nzima. Unga wa protini wa kopo unaouzwa kaunta hauna kitu ambacho mgebuka, maharage na dagaa hawana, na dagaa ukiwatafuna na mifupa yao unapata kalisi pia. Ila kula vya kutosha. Jeraha si wakati wa kupunguza uzito kwa nguvu.

Kurudi kwenye mbio

Usihesabu wiki tu, jipime. Tembea haraka dakika 30 bila maumivu kupita 2. Panda kwa vidole kwa mguu mmoja mara 20 hadi 25, mguu mbovu ukikaribiana na mzima. Ruka kwa mguu mmoja papo hapo mara 10, na asubuhi yake namba isipande. Ukifeli kimoja, rudi kwenye vyuma wiki 2 nyingine.

Ukifaulu vyote, wiki ya kwanza kimbia dakika 1, tembea dakika 2, mara 8, siku 3 zisizofuatana. Wiki ya pili dakika 2 kwa 2, mara 6. Ya tatu dakika 4 kwa 1, mara 5. Ya nne dakika 8 kwa 1, mara 3. Ya tano dakika 25 mfululizo, polepole kiasi cha kuweza kuongea. Vyuma viendelee mara 2 kwa wiki, siku usiyokimbia au saa kadhaa baada ya mbio, kamwe si kabla.

Tafuta usawa. Uwanja wa mpira wenye ardhi ngumu ni bora kuliko mchanga wa ufukweni Kibirizi, ambako kisigino kinazama na kano inavutwa kila hatua. Kwenye lami epuka kukimbia ukingo uleule kwenda na kurudi, kwa sababu barabara imeinama kumwaga maji na mguu mmoja utakuwa chini muda wote. Mlima uwe wa mwisho, baada ya wiki ya tano: mwenye goti au ugoko aupande kwa mbio na kuushuka kwa kutembea; mwenye kano ya kisigino au wayo afanye kinyume chake, apande kwa kutembea na kushuka kwa hatua fupifupi, kwa wiki 2 za kwanza.